Bahari Isiyo na Mwenyewe

Kaka yangu alijifunza kupika chini ya trela. Alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori la masafa marefu, na foleni ya malori ikikwama Malaba kabla ya kuvuka kwenda Uganda, matanboi hushuka na majiko yao ya makaa wakapika katika kivuli cha mzigo. Yeye alizipima foleni kwa sufuria. "Leo ni foleni ya mayai," alikuwa akimwambia Mama kwenye simu, na Mama alijua kwamba lori litavuka upesi na hatapata nafasi ya kupita nyumbani. "Leo ni ya maharagwe," alisema siku nyingine, na Mama alianza kutabasamu hata kabla ya kukata simu. Maharagwe yanachukua muda. Mtu anayengoja maharagwe yaive anaweza kupanda bodaboda akafika kwetu Moding, akasalimia, akala, akajinyoosha kidogo kwenye mkeka, akarudi kabla trela haijasogea.

Tulikuwa watu wa kuombea foleni. Madereva waliitukana, maajenti wa forodha walikimbia huku na huku na simu masikioni ili iishe, na katikati yao alikaa Mama katika kibanda chake kando ya barabara, na mihogo yake mikavu na njugu zake, akitamani barabara izibe. Lori la kaka likitokea kwa mbali hakupunga mkono. Aliinuka tu, akajipangusa unga kwenye leso, akakaa tena. Huo ndio ulikuwa ukaribisho wake, na kaka aliuona kutoka juu kwenye kiti cha lori, na siku zote alisema unatosha.

Siku moja alipiga simu kutoka Mombasa akasema hatarudi na lori. Nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka Nairobi, ambako nilikuwa nimeanza kuandika na kukaa na watu wanaoandika, na Mama aliiweka simu kwenye spika ili tusikie wote.

"Kuna jamaa amekula chakula yangu akaipenda," kaka alisema. "Wanataka mpishi kwa meli ya mizigo. Meli ndogo tu, ya mbao."

"Wewe unajua kuogelea?" Mama aliuliza.

"Mpishi haogelei, Mama. Mpishi anapika."

"Na ikizama?"

"Ikizama itakuwa zamu ya samaki kula."

Mama alimwambia aache upuuzi, lakini alikuwa anacheka. Mimi nikamwambia aniletee hadithi za baharini. "We mdogo," akasema, "nitakuletea gunia mzima ya uongo, uandike mpaka vidole viishe." Kisha akacheka kicheko chake kirefu kinachoanzia puani. Nimekitafuta kicheko kile katika kila kitu nilichoandika tangu siku ile. Ninaweza kuandika sufuria, jiko, moshi, hata mkono wake ukikata vitunguu hewani bila ubao. Kicheko hakikubali.

Yaliyofuata yalitufikia kwa vipande, kupitia simu fupi fupi za rumande. Meli ilisimamishwa mbali sana na pwani na manowari ya nchi nyingine. Chini ya mifuko ya chokaa kulikuwa na mifuko mingine, na ndani yake heroini. Mzigo wote ulitupwa baharini isipokuwa sampuli chache, na mabaharia wakaletwa Mombasa na kushtakiwa. Kaka alisema aliambiwa ni chokaa. Sijawahi kumuuliza zaidi ya hapo, na Mama pia hajawahi. Ninachojua ni kwamba alikuwa jikoni, na kwamba yule jamaa aliyekipenda chakula chake hakuwa ndani ya meli.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mama akaanza tabia mpya pale kibandani. Kila tanboi aliyenunua njugu alimuuliza anatoka wapi, na akisema Mombasa, Mama alimwongezea konzi moja na kumwuliza habari za huko.

"Huko joto iko aje siku hizi?"

"Ni ile ile, mama. Unalowa ukiwa umekaa tu."

"Na usiku?"

"Usiku pia. Kwani unataka kuhamia?"

"Nina mtu huko."

"Yuko upande gani? Nikipita nimsalimie."

Mama alimtazama kijana yule kutoka viatu mpaka nywele, kama mtu anayetafuta juu ya nguo zake vumbi la barabara fulani. Matanboi walimzoea. Wengine walimtania kwamba anawapeleleza kwa niaba ya matajiri wao. Mmoja alimwambia, "Mama, hii Mombasa unaiuliza sana, si tukubebe kwa kabini uione?" Mama akamwambia akivaa shati safi atafikiria.

Kisha wakili wa kaka akaja. Alikuwa mwanamke wa Mombasa mwenye buibui na sauti isiyo na haraka; alikuwa na kesi nyingine Busia, akapanda gari akaja mpaka Malaba ili aonane na Mama ana kwa ana. Tulikutana katika hoteli ya chai iliyo karibu na egesho la malori. Alimwamkia Mama kwa shikamoo. Kwetu hakuna anayeamkia hivyo, na Mama akamjibu, "Mzuri, karibu chai," na wakili akakaa bila hata kutabasamu kwa kejeli. Nilimpenda kwa hilo.

"Mama," alianza, "wenzake kijana wako wameachiliwa."

Mama aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Na yeye?"

"Yeye bado. Ndiyo sababu nimekuja."

Akatueleza, naye alieleza kama mtu anayemshika mkono mwenzake kwenye ngazi. Bahari ya Kenya ina mwisho, alisema. Karibu na pwani sheria ya Kenya inatawala kama inavyotawala hapa Malaba. Mbele ya hapo upo ukanda ambao Kenya ina haki ya samaki wake na mafuta yake, lakini haki ya kumshtaki mtu kwa dawa za kulevya ni jambo jingine. Na mbele zaidi bahari haina mwenyewe. Huko kila meli ni kama kipande cha nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya meli hiyo.

"Yao ilikuwa ya nchi gani?"

"Haikuwa na bendera. Wala hati, wala jina."

"Kama gari haina namba," Mama alisema.

"Ndiyo hasa. Sasa, meli isiyo na bendera, manowari yoyote inaweza kuisimamisha na kuikagua. Hilo halina ubishi. Ubishi ni baada ya hapo. Umeisimamisha, umewakuta watu ndani. Je, unaweza kuwachukua ukawapeleka mahakama ya nchi ambayo si yao, na kosa halikutendeka kwake? Wangekuwa maharamia, ingewezekana. Haramia anashtakiwa na nchi yoyote. Dawa za kulevya bado hazijatungiwa sheria ya namna hiyo."

"Kwa hivyo wameachiliwa kwa vile bahari si ya mtu," nilisema.

"Wameachiliwa kwa sababu wao ni wageni, chombo hakikuwa cha Kenya, na hakuna aliyethibitisha kwamba mzigo ulikuwa unakuja Kenya. Mahakama imesema haina mamlaka juu yao. Lakini Mkenya ni Mkenya hata akiwa katikati ya bahari. Sheria inaweza kumfuata. Na huyu, walipompekua, walimkuta na kitambulisho cha Kenya."

Nilitazama nje dirishani. Watu walikuwa wakienda Uganda na wengine wakitoka Uganda, wamebeba ndizi, magodoro, watoto. Wale wageni wamerudi makwao, na kaka yangu amebaki ndani kwa sababu yeye yuko kwao.

Wakili alisukuma kikombe chake kando. "Mama, yeye mwenyewe amenituma nikuulize jambo. Alikataa kuniambia zaidi. Alisema tu, muulize Mama kuhusu ng'ambo."

Mhudumu akaja kufuta meza, Mama akangoja afute, akangoja aondoke.

"Dada yangu aliolewa Tororo," alisema. "Alizaa, akafariki. Mimi nilikuwa nimezika mtoto wangu, bado sijatoka matanga. Maziwa ilikuwa bado iko. Nikavuka, nikamchukua."

"Mlikwenda mahakamani? Mlifuata utaratibu wa kuasili mtoto?"

"Nilimbeba mgongo."

Ndivyo nilivyojua, nikiwa mtu mzima, mbele ya chapati iliyopoa. Nilijaribu kumwona kaka upya na sikuweza. Kwetu mtoto akichukuliwa namna hiyo, jambo linazikwa pamoja na mzazi wake. Hata majirani mkigombana juu ya mpaka wa shamba hakuna anayelitoa, maana atakayelitoa atakuwa amejitenga na watu. Kaka alilijua, sijui tangu lini, na alilibeba akiwa anatupikia.

Wakati wa kumwandikisha, chifu aliuliza mtoto ni wa nani, na Mama akasema ni wake. Akapewa cheti, akasoma Moding, akakua, akachukua kitambulisho. Watu wa mpaka hufanya hivyo bila kufikiri. Tuna binamu wenye vitambulisho viwili, mashamba upande huu na makaburi upande ule, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mambo hayo yangefika baharini.

"Baba yake alikuwa Mganda?" wakili aliuliza.

"Baba, mama, wote. Dada yangu alichukua kitambulisho ya huko akaacha ya hapa. Wote wamekufa."

"Basi unaweza kumtoa, mama. Lakini lazima useme mwenyewe, mbele ya mahakama, kwa kiapo. Useme kwamba wewe si mama yake."

"Hiyo siwezi sema."

"Si ndiyo kweli?"

"Si kweli," Mama alisema.

Wakili hakubishana naye. Akaieleza sehemu iliyobaki polepole zaidi. Mahakama ikikubali kwamba yeye si Mkenya, kitambulisho kitachukuliwa, na atatolewa nchini kama mgeni. Atapelekwa Uganda. Hataruhusiwa kurudi Kenya.

"Tororo ni hapo tu," Mama alisema, akielekeza kidevu upande wa daraja.

"Ndiyo, mama. Ni hapo tu. Lakini hapa hatafika."

Mama alirudi Moding akaanza kuvuna mihogo ambayo haikuwa imekomaa. Sikumzuia. Alichimba, akamenya, akaanika, na usoni hakuonyesha lolote. Nilijua anachopima. Akinyamaza, atakuwa na mwana ambaye atazeekea gerezani. Akisema, kijana ataachiliwa, na nyumba ile ndogo ya udongo aliyoijenga kaka nyuma ya jiko itabaki bila mwenyewe.

Alasiri moja, mikono yake ikiwa myeupe kwa mihogo, aliniuliza, "Wewe na hao watu wako wa vitabu, hakuna neno ingine ya hiyo? Neno nzuri kidogo?"

"Kuna mama mlezi."

"Mlezi hata mbuzi wako naye."

"Mama wa kambo?"

"Kambo gani na hakuna mke mwenza hapa."

Tulicheka wote wawili, na baada ya kicheko akaendelea kumenya. Nilitamani sana kumtafutia neno. Nilikaa na daftari langu uani nikajaribu sentensi ambazo zingemtoa kaka gerezani bila kumtoa nyumbani. Niliziona nzuri jioni ile. Asubuhi nilimsomea wakili kwenye simu, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, usimfundishe. Ataulizwa swali la ndiyo au hapana."

Tulikwenda Busia siku ya ushahidi. Mama hakuhitaji kusafiri hadi Mombasa. Alipewa chumba kidogo katika jengo la mahakama ya Busia, chenye meza, Biblia na skrini ukutani, na karani kijana wa kuwasha mitambo. Karani aliniruhusu nikae nyuma karibu na mlango. Nje, wabadilishaji pesa walikuwa wakiwaita wateja kwa Kiganda na Kiswahili, na karani akafunga dirisha.

Skrini ikawaka. Ikagawanyika visanduku. Katika kimoja hakimu, katika kingine mwendesha mashtaka, katika kingine wakili wetu, na chini kabisa, katika kisanduku kidogo kuliko vyote, kaka yangu ameketi kwenye benchi, ukuta wa kijani nyuma yake.

"Amekonda," Mama alisema.

"Mama, ngoja kidogo," alisema karani.

"Unakula?" Mama aliuliza skrini. "Mbona shingo iko hivyo?"

"Shahidi asizungumze na mshtakiwa," alisema hakimu, lakini kwa upole, na nadhani alichelewa kidogo kwa makusudi, kwa sababu kaka alipata nafasi ya kusema, "Nakula, Mama. Chakula ni mbaya tu."

Nilicheka, kisha nikaziba mdomo. Ilikuwa sauti yake. Miezi yote ile nilikuwa nimeisikia kwenye simu ikikatwa katikati, na sasa ilikuja na uso.

Mama aliapa. Hakimu alimwonya kwamba atakayoyasema kuhusu kitambulisho yanaweza kumletea mashtaka yeye mwenyewe, na kwamba hakuna anayemlazimisha. Mama akasema ameelewa. Wakili wetu akamuuliza mambo ya mwanzo, naye akayajibu kwa sauti ileile aliyotumia hotelini: dada yake, Tororo, matanga, kuvuka. Alipofika pale pa kumbeba mgongoni, mwendesha mashtaka aliomba nafasi yake.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye koo kavu aliyekunywa maji kila baada ya swali.

"Mama, chifu alipokuuliza huyu mtoto ni wa nani, ulisema nini?"

"Nilisema wangu."

"Ulimdanganya chifu?"

"Hapana. Angekuwa wa nani?"

"Kwa hivyo ni wako."

Niliona wakili wetu akiinua mkono kwenye kisanduku chake. Niliona pia mdomo wa Mama ukifunguka, na nilijua neno lililokuwa likija, neno fupi ambalo angelisema kwa furaha yake yote, na lingemfungia kaka mlango wa gereza kwa miaka ambayo sikutaka kuihesabu. Hakimu akaingilia.

"Mama, sikiliza vizuri. Aliyemzaa ni nani?"

"Dada yangu."

"Raia wa wapi?"

"Huko. Uganda. Na baba yake pia."

"Basi nataka nielewe jibu lako. Wewe ni mama yake, au si mama yake?"

Mama alikuwa anaitazama skrini, kile kisanduku cha chini. Na mle ndani kaka yangu aliinua kiganja, karibu na kifua, mahali ambapo askari wa nyuma yake asingeona, akakunja vidole kuelekea kwake, taratibu, mara moja, halafu tena. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Malaba anaijua ishara ile. Ni ya tanboi anayesimama nyuma ya lori akimwongoza dereva anayerudi kinyumenyume mahali asipoweza kuona. Kuja. Kuja. Bado kuna nafasi. Kuja.

"Mimi si mama yake," Mama alisema.

Kaka akageuza kiganja, kikatulia wazi. Simama hapo hapo.

Hakimu alichukua wiki kadhaa kuandika uamuzi wake. Ulipokuja ulikuwa mrefu, na wakili alinisomea sehemu tu. Meli haikuwa ya Kenya, mahali hapakuwa pa Kenya, na mshtakiwa, kwa ushahidi wa shahidi aliyeaminika, hakuwa wa Kenya. Mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Wakili alilisoma neno "aliyeaminika" mara mbili akidhani litatufurahisha.

Maafisa wa uhamiaji walimleta kwa barabara. Alipitia njia yake ya zamani yote, Mombasa mpaka Malaba, safari hii akiwa kiti cha nyuma cha gari dogo. Mama aliambiwa siku, hakuambiwa saa. Alikaa kibandani tangu asubuhi. Hatukujua gari lenyewe likoje, kwa hiyo tulitazama kila gari, na siku hiyo hakukuwa na foleni hata kidogo, barabara ilikuwa nyeupe na wazi mpaka darajani. Likapita moja la kijivu. Nyuma ya kioo nikaona bega. Mama aliinuka, akajipangusa unga kwenye leso, akakaa tena. Sikumuuliza kama alimwona yeye kweli au aliinuka tu kwa mazoea.

Sasa anaishi upande wa Tororo, kwa ndugu wa baba yake ambao alikuwa hajawahi kuwaona. Anapika katika egesho la malori huko, na wanasema madereva wa Kampala wanasimama makusudi kwa ajili ya mchuzi wake. Njia za panya kwenye mto zipo, kila mtu anazijua, watoto wanavuka wakienda shule. Ukitaka, unaondoka ng'ambo ile jua likichomoza na kufika Moding chai ikiwa bado ya moto. Mama amemkataza. Wakili alisema upande wa mashtaka ulikuwa na muda wa kukata rufaa, na muda huo ukapita, hawakukata. Mama hakuusikia mwisho wa habari ile. Anaamini kwamba maneno aliyoyasema Busia ndiyo yanayomshikilia kaka nje ya gereza, na kwamba akiyabatilisha popote, hata sokoni, hata jikoni kwake, mtu atayasikia na kuyapeleka. Hadi leo hakuna aliyekuja kumuuliza habari za kitambulisho. Hilo nalo linamtia hofu.

Kwa hiyo anayashika. Afisa wa mpakani akimuuliza anaenda kwa nani, anasema, "Mtoto wa marehemu dada yangu." Majirani wa Moding wakimuuliza kijana wake anaendeleaje, anasema yule mtoto wa dada yangu yuko salama. Anasema bila kusita. Mwanzoni nilidhani anaigiza, kisha nikaanza kuogopa kwamba sentensi ile imepata mizizi.

Wiki iliyopita nilivuka naye. Kaka alitupokea kwenye kibanda chake cha kupikia, akavuta kiti cha plastiki, akakifuta kwa kitambaa, akakifuta tena. Amenenepa kidogo. Madereva wawili walikuwa wakila.

"Nyinyi msimwage mchuzi hapo," aliwaambia. "Huyu ni mama yangu amekuja."

Madereva wakainua mikono kusalimia. Mama aliwatazama, akatazama barabara.

"Mama mdogo," alisema. "Mimi ni mama yake mdogo."

Kaka alikuwa ameinama juu ya jiko. Alikaa hivyo, akipuliza makaa ambayo tayari yalikuwa yanawaka. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Sawa," alisema. "Mama mdogo. Utakula nini?"

Alimpa sehemu nzuri ya nyama. Mama alikula yote, akalamba mfupa, akamwambia chumvi imezidi. Walizungumza juu ya bei ya mkaa, juu ya mvua, juu ya ndugu wale na kama wanamtendea vizuri. Mara kadhaa nilimwona Mama akinyoosha mkono kana kwamba ataigusa kola ya shati lake, iliyokuwa imeliwa pembeni, na kila mara mkono uliishia kwenye sahani.

Alitusindikiza mpaka pale malori ya mwisho yanapoegeshwa, hatua chache kabla ya maafisa kuanza. Hapo ndipo mwisho wake. Mama alimpa mkono kama mtu anavyompa mkono mwalimu, tukaanza kutembea kuelekea darajani, na hakugeuka. Haoni kuwa ni vyema kugeuka mbele ya maafisa.

"Bado amesimama?" aliniuliza.

Nikatazama nyuma. "Bado."

Tukaendelea. Mwanamke aliyebeba godoro alitupita, ikabidi tujibane kwenye ukingo.

"Na sasa?"

"Bado amesimama, Mama."

"Ameweka mikono wapi?"

"Mfukoni."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayengojea ishara ya kiganja. Tulikuwa tumekaribia upande wetu, na afisa alikuwa tayari amenyoosha mkono akiomba kitambulisho.

"Tazama tena," alisema.